H.G. Wells: Mwanagenzi wa duka la vitambaa aliyeiletea dunia mashine ya wakati

ASUBUHI ya Jumapili moja mwaka 1883, kijana wa miaka 16 aliondoka Southsea, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, akashika njia kwa miguu. Mbele yake kulikuwa na maili 17, yaani kilomita zipatazo 27, hadi jumba la kifahari la Uppark katika Sussex, ambako mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi. Alimkuta akirudi kutoka kanisani pamoja na watumishi wenzake. Habari aliyompelekea ilikuwa moja: kazi ya duka la vitambaa imemshinda, na ingawa mama amekwisha kutoa fedha za uanagenzi wake, hataumaliza.

Kijana huyo alikuwa Herbert George Wells. Miaka 12 baadaye, mwaka 1895, alitoa kitabu chembamba kiitwacho The Time Machine, yaani Mashine ya Wakati. Filamu na tamthilia nyingi za televisheni ambamo mtu hupanda chombo akaenda kesho au akarudi jana zina deni kwa kitabu hicho.

Wanaozitazama hadithi hizo hudhani utamu wake umo ndani ya chombo. Maisha ya Wells yanaonyesha vingine. Chombo alikuwa nacho tangu mwaka 1888, na hadithi ikamfia mikononi. Ilipata uhai pale alipoingiza mambo aliyoyajua tangu utotoni: nani anafanya kazi gizani, nani anakula kwenye mwanga, na mtu hubadilika vipi anapoligundua hilo.

Duka lisilolipa

Wells alizaliwa Septemba 21, 1866 katika mji wa Bromley, Kent, karibu na London. Baba yake, Joseph, alikuwa mtunza bustani aliyegeuka mwenye duka. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumishi wa ndani kabla ya kuolewa. Duka lao liliuza vitu viwili visivyoelekea kukaa pamoja: vyombo vya kaure na vifaa vya mchezo wa kriketi. Wateja walikuwa wachache na faida ilikuwa ndogo.

Kilichoiweka familia mjini ni kipaji cha baba uwanjani. Joseph alikuwa mchezaji wa kulipwa, na mwaka 1862, akiichezea Kent dhidi ya Sussex, aliwatoa wapinzani wanne kwa mipira minne mfululizo. Fedha za kriketi ndizo zilizoziba pengo la duka. Mwaka 1877 alianguka akavunjika mfupa wa paja, na riziki hiyo ikakatika.

Jiko la nyumba hiyo lilikuwa chini ya usawa wa barabara. Kutoka mle ndani mtoto aliwaona wapita njia kupitia wavu wa chuma uliokuwa juu ya dirisha, na alichokiona zaidi ni viatu vyao. Alipokuwa mtu mzima aliandika makala nzima kuhusu viatu vilivyochakaa, akianzia na picha hiyo ya dunia inayotazamwa kutoka chini.

Mwaka 1874 alivunjika mguu akalazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Baba yake alimletea vitabu vya kuazima. Mguu ulipona, lakini kiu ya kusoma haikupona tena.

Saa 13 kwa siku

Kwa mama Wells, duka la vitambaa lilikuwa kilele cha heshima ambacho mtoto wa mtumishi angeweza kukifikia. Watoto wake wawili wakubwa aliwapeleka huko. Mwaka 1880 alirudi Uppark kufanya kazi, na mwaka huohuo Bertie, kama walivyomwita nyumbani, akapelekwa kwenye duka la vitambaa la Windsor. Alikabidhiwa kazi ya kupokea fedha. Sanduku na daftari havikulingana. Hakuwa mwizi, ila akili yake haikuwa kwenye sarafu, na baada ya muda mfupi aliondolewa.

Akajaribiwa ualimu, kisha duka la dawa katika mji wa Midhurst. Huko alihitaji Kilatini ili ajifunze ufamasia, na mkuu wa shule ya mji huo, Horace Byatt, akamfundisha na kuona jinsi kijana huyo anavyoshika mambo haraka. Lakini ada za kusomea ufamasia zilikuwa nje ya uwezo wa mama yake. Mwaka 1881 mlango uliobaki wazi ulikuwa ni uleule, duka la vitambaa, safari hii Southsea.

Siku ya kazi ilikuwa ya takriban saa 13. Wanagenzi walilala pamoja bwenini. Kazi ilikuwa kufuta vumbi, kukunjua majora mbele ya wateja, kuyakunja tena na kusimama. Kwa miaka miwili kijana aliyependa vitabu aliona kwamba alichouza pale hakikuwa vitambaa tu. Alikuwa akiuza saa zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyorudi.

Baada ya safari ile ya Jumapili, mama hakukubali papo hapo. Fedha zilikuwa zimetoka, na kwake kuvunja mkataba ilikuwa aibu. Ilichukua wiki kadhaa za barua na ubishi. Kilichomwokoa kijana ni Byatt, aliyempa nafasi ya kuwa mwalimu msaidizi huku akisoma. Wells alisoma usiku, akafaulu mitihani mingi ya sayansi, na mwaka 1884 akapata ufadhili wa serikali kwenda chuo cha ualimu wa sayansi South Kensington, London. Posho ilikuwa shilingi 21 kwa wiki. Alikula kidogo na kukonda.

Njia za chini ya jumba

Mambo mawili ya miaka hiyo yaliingia moja kwa moja katika kitabu chake.

La kwanza ni Uppark. Wells alikuwa akienda huko kumtembelea mama yake. Mabwana waliishi juu, kwenye vyumba vyenye madirisha makubwa yanayotazama bustani. Watumishi walipita kwenye njia zilizochimbwa chini ya ardhi, zinazounganisha jumba na jiko na mabanda ya farasi, ili wageni wasiwaone wakihangaika. Chakula kilifika mezani kana kwamba kimejileta. Kijana huyo aliruhusiwa kusoma vitabu vya maktaba ya juu, lakini mahali pake, kama mtoto wa mtumishi, palikuwa chini. Alizijua pande zote mbili.

La pili ni mwalimu wake wa baiolojia, Thomas Henry Huxley, mtetezi mkubwa wa nadharia ya Charles Darwin. Huxley alifundisha kwamba mageuzi ya viumbe si ahadi ya maendeleo. Kiumbe kinaweza kupanda, na kinaweza pia kudidimia, kutegemea mazingira yanayokizunguka. Uingereza ya wakati huo iliamini kwamba kila kesho itakuwa bora kuliko leo. Wells alitoka darasani na swali: itakuwaje kama sivyo?

Jaribio la kwanza lashindwa

Mwaka 1888 alichapisha hadithi katika jarida la wanafunzi ambalo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Iliitwa The Chronic Argonauts. Ndani yake Dk Nebogipfel anahamia kijiji kimoja cha Wales na kujifungia akiunda kitu kisichojulikana. Wanakijiji wanamshuku uchawi na kuivamia nyumba, naye anatoweka mbele ya macho yao pamoja na mchungaji.

Hadithi hiyo ilikuwa na chombo na fumbo, lakini haikuwa na mtu. Nebogipfel ni wa ajabu tangu ukurasa wa kwanza na anabaki wa ajabu. Hajui kukosea, haogopi, hapendi, na kwa hiyo hana cha kupoteza. Wells aliiacha njiani bila kuimaliza.

Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Mwaka 1887 Mhispania Enrique Gaspar alikuwa ametoa riwaya yenye chombo cha kusafiri katika wakati, na mwaka 1889 Mmarekani Mark Twain akampeleka shujaa wake enzi za Mfalme Arthur kwa pigo la kichwani. Lililokuwa likisubiriwa ni mtu ambaye safari hiyo ingemgeuza.

Mwaka wa taabu

Wakati huo afya yake ilikuwa mbaya. Mwaka 1887, akifundisha katika shule moja ya Wales, aliumizwa figo kwenye mchezo wa mpira, kisha akaanza kukohoa damu. Alirudi London, akapata shahada ya sayansi mwaka 1890, na mwaka 1891 akamwoa binamu yake, Isabel. Mei 1893, akiwa njiani London, damu ilimtoka tena kwa wingi. Kazi ya ualimu ikafika mwisho. Mwaka huohuo mama yake aliachishwa kazi Uppark. Mtu asiyejua kama ataishi miaka mingi akabaki na kalamu tu ya kulishia watu.

Hakuwa malaika. Mwanzoni mwa 1894 alimwacha Isabel akaenda kuishi na mwanafunzi wake, Amy Catherine Robbins, aliyekuja kumwoa mwaka 1895 na kumwita Jane. Alimwumiza mwanamke mmoja, na baadaye, kwa mahusiano yake mengi ya nje, alimwumiza na wa pili.

Kiangazi cha 1894 walipanga vyumba Sevenoaks, Kent. Mhariri W. E. Henley alikuwa amechapisha makala zake saba kuhusu safari ya wakati katika gazeti moja, kisha gazeti likauzwa na soko likafungwa. Wells aliendelea kuandika bila mnunuzi. Usiku wa Agosti alikaa dirishani, taa ikivuta vipepeo, huku mwenye nyumba akinung'unika kwamba taa inamaliza mafuta. Kisha Henley akapata jarida jipya na kuitaka hadithi hiyo kwa pauni 100. Ilitoka kwa mfululizo kuanzia Januari 1895, na kitabu kikafuata mwaka huohuo.

Fumbo linalomfungua mtu

Msafiri wa Wakati katika kitabu hicho hana jina. Ni mvumbuzi wa London anayewaalika wageni chakula cha jioni kila Alhamisi. Anazungumza kwa utulivu wa mtu anayejua kila kitu. Anapanda mashine yake yenye kiti kama tandiko na vishikio viwili, anakwenda hadi mwaka 802,701.

Anawakuta Eloi, watu wadogo, wazuri, wanaocheza na kula matunda. Hakuna duka, hakuna soko, hakuna anayefanya kazi. Mara moja anatoa jibu: binadamu ameshinda shida zote, na kwa kukosa shida amelegea. Jibu linapendeza, na si sahihi.

Kabla ya kuondoka pale alipotua alikuwa amevichomoa vishikio vya mashine na kuvitia mfukoni, kama dereva anayechukua ufunguo wa gari. Akirudi, mashine haipo. Imeburutwa ndani ya kitako cha sanamu kubwa nyeupe. Hapo utulivu wote unamtoka. Mwanasayansi yule anakimbia gizani, anawaamsha Eloi kwa makelele na kuwatikisa kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Msomaji anaona kwa mara ya kwanza kwamba chini ya mvumbuzi kuna mtu.

Kisha anaona visima vinavyotoa mngurumo wa mitambo, na viumbe weupe wanaoogopa mwanga, Morlocks. Anatoa jibu la pili: wa juu ni wazao wa matajiri, wa chini ni wazao wa wafanyakazi waliosukumwa ardhini hadi wakasahau jua. Bwana yuko juu, mtumwa chini. Nalo ni nusu ya kweli tu. Anaposhuka kisimani anaona meza yenye nyama. Morlocks bado wanawavisha na kuwalisha Eloi, lakini si kwa utii. Wanawatunza kama mfugaji anavyotunza mifugo yake.

Jinsi fumbo hilo linavyofunguka ndiyo kazi kubwa ya Wells. Hakumpa msafiri jibu kutoka nje. Alimfanya akosee mara mbili, na kila kosa lilimvua kitu: kwanza kiburi chake, kisha faraja ya kujiona yeye si sehemu ya jambo hilo. Msafiri anatoka London ya jiko la chini na meza ya juu. Aliyoyaona mwaka 802,701 yalikuwa yameanzia kwenye nyumba kama yake.

Kuna Weena pia, msichana wa Eloi aliyemwokoa mtoni huku wenzake wakitazama tu. Anamfuata, anamtia maua mfukoni. Usiku mmoja, wakiwa msituni, Morlocks wanawavamia, moto alioukoka msafiri mwenyewe unasambaa, na Weena anapotea. Aliondoka kwake bila silaha wala dawa, akiwa na njiti chache za kiberiti, kama mtu anayekwenda safari ya saa moja. Gharama ya kutojiandaa huko ililipwa na mwingine.

Akirudi mezani kwa rafiki zake amejaa vumbi, anachechemea, na anaomba nyama. Kisha anawasimulia, na wengi hawamwamini. Ushahidi wake ni maua mawili meupe yaliyonyauka. Siku inayofuata anaondoka tena, sasa akiwa na kamera na mkoba. Amejifunza. Msimulizi anamngoja miaka mitatu, na hajarudi. Wells hakusema alikwenda wapi.

Alichokifanya na umaarufu

Baada ya hapo mafanikio yalikuja mfululizo: riwaya ya mtu asiyeonekana mwaka 1897, na ya vita na viumbe wa sayari ya Mars mwaka 1898. Aliwapangishia wazazi wake nyumba na kuwatunza hadi mwisho wao. Duka nalo hakulisahau. Kipps, riwaya ya mwaka 1905, inamhusu mwanagenzi wa duka la vitambaa. The History of Mr Polly, ya mwaka 1910, inamhusu mwenye duka dogo anayezama kwenye madeni. Ni waandishi wachache wa wakati wake waliojua kuandika hofu ya mtu anayefunga hesabu jioni na kukuta zimepungua.

Kadiri miaka ilivyopita, msimulizi alimpisha mhubiri. Wells alitaka serikali moja ya dunia, elimu kwa wote na mwisho wa vita, akaandika takriban vitabu 100. Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba mawazo yamemeza wahusika. Hata hivyo, baadhi ya mahubiri hayo yalizaa. Mwaka 1934, akiwa mgonjwa wa kisukari, alishiriki kuanzisha chama cha wagonjwa wa kisukari Uingereza. Mwaka 1940 alitoa kitabu kuhusu haki za binadamu, miaka minane kabla ya Umoja wa Mataifa kupitisha Tamko la Haki za Binadamu.

Mabomu ya Ujerumani yalipoipiga London alikataa kuhama nyumba yake. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1945, kilikuwa cha kukata tamaa kuhusu binadamu. Alifariki dunia Agosti 13, 1946 akiwa na miaka 79.

Deni la tamthilia za leo

Januari 1949, BBC ilirusha The Time Machine kama tamthilia ya televisheni. Mwaka 1960 mtayarishaji George Pal aliifanya filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar kwa mbinu zake za picha. Novemba 23, 1963 BBC ilianza Doctor Who, ambayo mhusika wake mkuu, kama Msafiri wa Wells, anatembea katika wakati bila jina lake kujulikana.

Tamthilia za namna hiyo zinazodumu zimeshika kanuni ya Wells hata pale zisipomtaja. Fumbo huwekwa mapema, mhusika hudhani amelitegua, hukosea, na kosa hilo humgharimu mtu anayempenda. Akirudi nyumbani, nyumba ni ileile, ila yeye si yule. Zinazosahaulika ni zile zinazojaza vyombo na tarakimu huku shujaa akimaliza kama alivyoanza, kama Dk Nebogipfel wa mwaka 1888.

Jioni ya Jumapili ile ya 1883, baada ya kumwambia mama yake, kijana Wells alilazimika kurudi Southsea. Kesho yake majora yalimngoja yakunjwe. Alifanya kazi hiyo kwa muda zaidi, lakini alikwisha kujua kwamba saa zilizobaki si za kuuza kwa bei ile, na majibu ya Byatt yalipofika akaondoka na hakurudi tena nyuma ya kaunta.